Nimesoma Historia ya Kenya jioni katikati ya jiji: unachopata kwa karo yako

Ukitaka jibu la haraka: lipa, lakini kabla hujalipa muulize karani ni nani atakayeshika somo baada ya katikati ya muhula. Nusu ya kwanza ilinifaa kuliko kitu chochote nilichowahi kulipia darasani. Nusu ya pili ilinikasirisha, na nitaeleza kwa nini.

Somo lenyewe ni Historia ya Kenya, kuanzia ukoloni hadi Katiba ya 2010. Hufundishwa jioni katika chuo kikuu kimoja hapa katikati ya jiji, na mtu asiyesomea shahada anaruhusiwa kujiandikisha kwa somo hilo peke yake. Chuo sikitaji. Wanaokijua watakitambua, na wengine watapata haya haya kwingine mjini, kwa sababu mtaala haupishani sana.

Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa miguu mjini. Mimi ni Mtaita, niko Nairobi tangu nimalize kidato cha nne, na siku za kazi husimama mbele ya sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya Waingereza, nikieleza kwamba alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, kwamba Mau Mau iliendelea kuhesabiwa kundi haramu hadi 2003, na kwamba sanamu ile ilizinduliwa 2007, miaka hamsini kamili baada ya kunyongwa kwake. Wageni wa zamani waliridhika na hayo. Tangu maandamano ya Juni 2024 napata vijana wengi Wakenya, na maswali yao ni mengine. Wanauliza kwa nini majina yaliyokuwa juu wakati wa uhuru ndiyo yale yale yaliyo juu leo. Wanauliza ardhi ilimfikiaje huyu na ikampita yule. Niliona si haki kuwatoza pesa watu kama hao na kuwajibu kwa kubahatisha.

Nililipa shilingi 18,000 za somo, 2,000 za mtihani na 500 za kitambulisho, zote kwa simu. Vipindi vilikuwa viwili kwa wiki, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili usiku. Ukumbi uko ghorofa ya tatu na lifti ilikuwa imekufa muhula mzima, kwa hivyo mwenye magoti mabovu ajue hilo mapema. Ukitoka, matatu za Eastlands bado zipo ila nauli huwa imepanda. Sisi kina mama tulishuka pamoja hadi steji. Maktaba yao ina vitabu vizuri vya historia, lakini nakala ni moja moja na aliyetangulia haachii. Hayo ya majengo nayaacha hapo.

Darasani tulikuwa mchanganyiko ambao sijauona popote mjini. Vijana wa shahada waliohitaji alama za somo hilo, mama anayefanya kazi benki, karani wa mahakama, mwalimu wa sekondari kutoka Kayole, mzee mmoja aliyestaafu polisi, na mimi. Mhadhiri wa nusu ya kwanza alikuwa mwanamke kijana anayefundisha kwa mkataba wa muda. Sote tulimwita Daktari, hata yule mzee aliyeweza kumzaa. Yeye alituita Mzee na Mama, na vijana wakaniita Anti. Nataja hayo kwa sababu heshima hiyo ndiyo iliyotuwezesha baadaye kuambiana maneno magumu bila mtu kuondoka.

Mada iliyopewa nafasi kubwa ilikuwa hii: nani amebebwa na historia ya nchi hii, na nani ameachwa. Mwanzo haukuwa mzuri. Daktari alitupanga mstari kwenye korido, kisha akawa anasoma maswali. Kama wazazi wako walisoma chuo kikuu, songa hatua mbele. Kama umewahi kulala njaa, rudi nyuma. Kama nyumbani kulikuwa na vitabu, songa. Ni zoezi lililotoka Marekani na limeenea kwingi. Tulipomaliza, kijana mmoja wa Karen, mtaa wa matajiri, alikuwa amefika dirishani na kijana wa Kibra, mtaa wa mabanda, alikuwa amegusa ukuta wa nyuma. Hakuna aliyeshangaa. Yule wa mbele aliinamisha kichwa kwa aibu, yule wa nyuma alikasirika, na sisi wa katikati tukarudi kukaa bila kujua lolote jipya. Zoezi lile linaonyesha mtu amesimama wapi leo. Njia iliyomfikisha hapo halina habari nayo, na njia ndiyo kazi ya somo la historia. Kwa maoni yangu lifutwe kabisa.

Mzee wa polisi alisema wazi: "Daktari, mimi sikuja hapa kupangwa kama makurutu." Daktari hakujitetea. Kipindi kilichofuata alikuja na karatasi moja yenye maswali manne, na karatasi hiyo ndiyo sababu ya mimi kuandika haya.

Aliuliza babu au bibi yako alikuwa wapi mwaka 1954 na alikuwa akifanya nini. Aliuliza familia yako ilikuwa na ardhi gani mwaka 1964, na kama ilikuwa nayo, iliipataje. Aliuliza nani alikuwa wa kwanza katika ukoo wenu kuingia sekondari, na karo ilitoka wapi. Na swali la nne, lililoumiza kichwa kuliko yote: nyumbani kuna karatasi gani ya kuthibitisha hayo? Hatimiliki, kipande (kitambulisho alicholazimishwa Mwafrika kubeba wakati wa ukoloni), cheti cha ubatizo, kadi ya mshahara, picha yenye tarehe, chochote. Tulipewa muda wa kupiga simu nyumbani, na anayeweza kusafiri asafiri.

Mimi nilimpigia shangazi yangu mkubwa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mbona hukuniuliza haya wakati baba yako yuko hai?" Halafu akaongea hadi salio likaisha, nikaweka jingine. Babu alikata mkonge kwenye shamba kubwa la Mzungu. Kabla ya hapo alitundika mizinga ya nyuki upande ambao mwaka 1948 ulitangazwa kuwa mbuga ya Tsavo, na baada ya hapo akaonekana mwizi kwenye mapori aliyoyajua tangu utotoni. Ardhi mwaka 1964: kibustani cha mlimani. Wa kwanza sekondari: baba yangu mdogo, kwa msaada wa misheni. Karatasi: kipande cha babu, kimo ndani ya sanduku la bati. Sikuwahi kuambiwa kwamba kipo.

Kisha ikaja jioni ya kusoma majibu. Mzee wa polisi alitangulia, kwa ujasiri ninaouheshimu hadi leo. Alisema baba yake alikuwa homugadi, yaani mlinzi wa kijiji upande wa serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, akatoa kopi ya hatimiliki ya shamba lao, ya mwaka 1960, upande wa Mlima Kenya. Mama wa benki, ambaye kwao ni wilaya hiyo hiyo, akaomba kuishika.

"Mzee, shamba hili lilipimwa mwaka gani?"

"Hamsini na saba."

"Babu yangu alikamatwa hapa Nairobi Aprili hamsini na nne, akapelekwa kizuizini Manyani. Alirudi nyumbani hamsini na tisa. Alikuta kila kitu kimeshapimwa."

Nilipanda na kushuka barabara ya Mombasa maisha yangu yote, na Manyani kwangu ilikuwa gereza la kando ya njia, alama ya kwamba Voi imekaribia. Kumsikia mtu akilitaja kama mahali babu yake alipokuwa wakati ardhi yake inagawanywa kulinibadilishia barabara ile.

Hapo ndipo Daktari alipofanya kazi ambayo mwalimu hulipwa kuifanya. Hakumtetea Mzee wala hakumshambulia. Aliweka nyaraka mezani. Aprili 24, 1954 serikali ya kikoloni ilianza Operesheni Anvil hapa Nairobi, ikazunguka mitaa ya Waafrika na kuwasomba maelfu ya wanaume kutoka jamii za Wagikuyu, Waembu na Wameru. Mwaka huo huo ukatoka Mpango wa Swynnerton: vipande vya ardhi vilivyotawanyika viunganishwe, mwenye shamba apewe hati, Mwafrika aruhusiwe kupanda kahawa kwa wingi. Mpango huo na kamata kamata ile vilikwenda pamoja. Waliokuwa nyumbani wakati wa kupima, wakiwa na chifu na homugadi upande wao, walipimiwa vizuri. Waliokuwa kizuizini walipimiwa na wengine, au hawakupimiwa kabisa. Kisha mwaka 1957 ikatungwa sheria ya kusimamisha kesi za ardhi katika mahakama za Waafrika, ili mpango usikwame. Kwa hiyo aliyerudi 1959 na malalamiko yake hakuwa na mlango wa kubisha.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba hakuandika huo mpango. Alipewa, akachukua. Lakini kahawa ya shamba hilo ndiyo iliyonisomesha, na siwezi kukaa hapa niseme sikubebwa." Mama wa benki hakumsamehe na wala hakutukana. Alimuuliza tu kama angemruhusu kupiga picha ile hati, kwa sababu nambari za mashamba jirani zingemsaidia kutafuta rekodi za babu yake. Mzee alimpa.

Nimekaa kwenye mijadala mingi ya nani ana nini katika nchi hii: kwenye matatu, kwenye harusi, kwenye matanga. Yote huishia kwenye kabila. Huyu kabila lake limekula, yule kabila lake halijala. Hapa walikuwa watu wawili wa kabila moja na mlima mmoja, na mstari uliowatenganisha ulikuwa na tarehe, sheria na kipimo. Ukishaona mstari ule, unaweza kuufuata mpaka leo: hati ikaleta mkopo, mkopo na kahawa vikaleta karo, karo ikaleta shule nzuri, shule ikaleta kazi ya serikali mara tu Wazungu walipoiacha.

Halafu kijana wa Wajir akainua mkono, na mjadala ukapanuka zaidi ya Mlima Kenya. Alisema, "Nyinyi mnagombania kahawa. Babu yangu mwaka huo hakuwa na ruhusa ya kutoka wilayani bila pasi." Ni kweli. Eneo la Kaskazini lilitawaliwa kama wilaya zilizofungwa, chini ya sheria za 1926 na 1934. Na uhuru ulipofika, Daktari akatuonyesha Waraka wa Serikali Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Aya ya 133 inasema pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozalisha zaidi: palipo na ardhi nzuri, mvua, barabara, umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Waraka unatoa hata mfano: pauni milioni moja mahali pamoja huongeza mapato kwa pauni 20,000, na mahali pengine kwa 100,000. Kijana wa Wajir aliisoma aya hiyo kwa sauti, mara mbili. Serikali huru iliandika kwa kalamu yake kwamba barabara ifuate barabara. Katiba ya 2010, Kifungu cha 204, imeunda mfuko wa kusawazisha: nusu ya asilimia moja ya mapato ya serikali ya taifa kwa maeneo yaliyoachwa, kwa miaka ishirini. Kati ya waraka na kifungu hicho kuna miaka arobaini na mitano, na ndani yake vizazi viwili vya watoto wasio na darasa.

Kijana wa Karen naye alizungumza, na hapa namsifu Daktari kwa kutomfanya mshtakiwa. Kwao hakuna shamba la ajabu. Babu yake alipata nafasi katika mojawapo ya ndege za wanafunzi alizoandaa mwanasiasa Tom Mboya kupeleka vijana Marekani. Ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81, kwa msaada wa Wamarekani kama mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte. Alirudi wakati nchi inatafuta Waafrika wenye shahada kwa udi na uvumba. Mwanawe akaingia Nairobi School, ambayo ilifunguliwa 1931 kama Prince of Wales, shule ya wavulana wa Kizungu. Kijana alisema hajawahi kufikiri kwamba kiti cha ndege ni urithi. Wa Kibra, ambaye ni Mnubi, akamwambia kwao walitumikia jeshi la Waingereza vizazi, wakakaa Kibra tangu mwanzo wa karne iliyopita, na hatimiliki ya jumuiya, ekari 288, ikatoka 2017. Walikuwa wawili wale wale wa dirishani na ukutani. Safari hii waliongea hadi nje.

Kasoro moja ya zoezi la karatasi nilimwambia Daktari mwenyewe. Linamchukulia kila mtu kuwa na wazee wa kuwauliza. Kijana mmoja amelelewa katika makao ya watoto na hana hata jina la babu. Daktari alimpa kazi nyingine: achukue mtaa aliokulia, Kaloleni, afuatilie ulivyojengwa na kwa nani, katika jiji lililogawanywa kwa rangi, Wazungu magharibi kwenye miinuko, Wahindi katikati na Parklands, Waafrika mashariki. Kazi yake ilikuwa miongoni mwa bora. Lakini ilipasa kuwekwa mezani tangu mwanzo kama chaguo la kila mtu, bila yeye kulazimika kueleza habari zake mbele ya darasa.

Jambo jingine lililobadilisha darasa lilikuwa lugha. Orodha ya kusoma yote ni Kiingereza, mtihani ni Kiingereza, na wiki za kwanza waliotawala mjadala walikuwa wale wenye Kiingereza cha shule za kulipia. Jioni ile ya karatasi Daktari aliruhusu Kiswahili. Mzee wa polisi na karani wa mahakama, ambao walikuwa kimya, ndio waliokuwa na mengi. Oktoba 1968, hapa hapa Nairobi, wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwe kitovu. Tuliusoma waraka huo kama historia iliyopita. Mimi naona swali lake bado limekaa ndani ya ukumbi ule wa ghorofa ya tatu, na chuo chochote kinachofundisha nani amebebwa kianze na lugha anayotahiniwa nayo mtu.

Somo lilikuwa pia na matembezi ya nyaraka mjini, siku ya Jumamosi. Kama mtu wa kazi hiyo, nilimpima Daktari kwa ukali, na alifaulu. Tulianzia Barabara ya Harry Thuku, ambapo Machi 16, 1922 umati uliokuja kudai Thuku, mwanasiasa aliyekamatwa kwa kuwapinga wakoloni, aachiliwe ulipigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Walioshuhudia walihesabu zaidi. Mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliwakabili wanaume waliotaka kurudi nyuma, akauawa hapo. Daktari hakuishia kwenye ushujaa. Alieleza kwamba Thuku huyo huyo, wakati wa Mau Mau, alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union. Nimepitisha wageni barabara hiyo mara nyingi na sehemu hiyo ya pili nilikuwa siiunganishi na ya kwanza.

Tukamalizia kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Watu hupita pale kila siku wakidhani ni jumba la vinyago tu. Ndani kuna ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya, na mtu wa kawaida anaweza kujiandikisha na kuzisoma. Nilipata ripoti ya kwetu Taita na nikaona jinsi mkuu wa wilaya alivyoandika kuhusu wakataji mkonge, kwa mistari michache, akiwahesabu pamoja na mvua na bei. Daktari alituonya pia juu ya kisichokuwepo. Mwaka 2011, kutokana na kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya faili za makoloni zilizofichwa Hanslope Park. Kesi hiyo iliishia 2013 kwa makubaliano ya pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228. Kwa hiyo ukikosa jina la babu yako Moi Avenue, huenda halikupotea, huenda lilisafirishwa.

Basi nusu ya pili. Mwalimu alibadilika, na pamoja naye kila kitu. Slaidi zilisomwa neno kwa neno. Tulipewa jedwali: safu ya kwanza jamii, ya pili kiongozi aliyepinga, ya tatu aliyeshirikiana na wakoloni. Koitalel arap Samoei, 1905, Wanandi, alipinga. Mekatilili wa Menza, 1913, Wagiriama, alipinga. Na kadhalika mpaka chini. Baada ya yale tuliyoyaona, jedwali lile lilikuwa matusi kwa akili. Harry Thuku unamweka safu gani? Mzee na mama wa benki, wa mlima mmoja, jedwali linawaonyesha kama mtu mmoja. Kupanga historia kwa makabila namna hiyo ndiko kunakofanya mwenye nacho wa kila kabila ajifiche nyuma ya maskini wa kabila lake, na chuo kikuu hakina ruhusa ya kufundisha hivyo mwaka huu.

Miaka ya baada ya uhuru, ambayo vijana walikuja kuisikia, ilikimbizwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013, ilipewa slaidi moja. Hatukuambiwa hata kwamba makamishna watatu kutoka nje walipinga jinsi sura ya ardhi ilivyobadilishwa. Kijana wa Wajir aliuliza kuhusu mauaji ya Wagalla, kule kwao, Februari 1984. Alijibiwa kwamba hilo halitatahiniwa, na slaidi ikasogezwa. Alifunga daftari na hakurudi wiki iliyofuata. Mimi najua woga huo una chimbuko: mwaka 1982 Maina wa Kinyatti, mwanahistoria wa Chuo cha Kenyatta, alikamatwa na kufungwa miaka sita, na wahadhiri wa rika lake walijifunza kunyamaza. Lakini katiba ya sasa inalinda uhuru wa kitaaluma kwa maandishi, na mwanafunzi amelipa karo. Swali la mtu kuhusu waliouawa kwao linastahili jibu hata kama halina alama.

Mtihani ulikuwa na alama 70 kati ya 100, na maswali yake yalikuwa ya sekondari: eleza sababu sita za hiki, taja matokeo matano ya kile. Karatasi ya maswali manne, iliyotufundisha zaidi ya yote, ilibeba alama kumi tu. Nimepata B. Nampa Daktari nyota tano. Nusu ya pili ya muhula naipa nyota mbili, moja kati ya hizo ikiwa ni kwa sababu ukumbi ulifunguliwa kwa wakati.

Kwa wasimamizi wa chuo, nina ombi moja. Daktari alituchapishia nyaraka zile kwa pesa zake, na tulijua, bila yeye kulalamika, kwamba malipo ya muhula uliotangulia alikuwa hajayapata. Mwanamke anayefundisha watoto wa nchi hii jinsi wengine walivyopimiwa ardhi na wengine wakaachwa, halafu yeye mwenyewe hapimiwi mshahara wake. Mlipeni. Na mumpe somo lote, kuanzia wiki ya kwanza hadi mtihani.

Kwa asiyekuwa na shilingi 20,500, maswali manne hayana karo. Mchukue aliye mkubwa kuliko wote katika ukoo wenu, mkae naye na simu ikiwa inarekodi, muulize kuhusu 1954 na 1964, na usiondoke kabla hajakuonyesha karatasi. Ukishapata jina, mwaka na wilaya, nenda Moi Avenue uombe ripoti za wilaya hiyo. Fanya hivyo mapema, kwa sababu waliokuwa watu wazima wakati wa Anvil sasa wanakaribia miaka tisini au wameipita.